Nilibadilisha Chupa ya Mafuta, Nikamvunjia Mwanangu Ndoa

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, naishi Nachingwea mjini. Kazi yangu ilikuwa ukungwi. Mimi ndiye niliyekaa ndani na wasichana wakati wa unyago, nikawafunda, na walipokuja kuolewa ndiye niliyeitwa kuwaandaa. Jina langu ni Salima. Majina ya wengine wote humu nimeyabadilisha, langu nimeliacha kama lilivyo, maana kujificha nimejificha vya kutosha.

Wasomaji wenzangu, mikasa yenu nimeisoma mingi na mara nyingi nimelia pamoja nanyi. Wengi wenu mlitendwa. Mimi nilitenda! Kwa hiyo msianze kunionea huruma mapema... someni kwanza mpaka mwisho.

Dada yangu alifariki akaniachia binti wa miaka minne, Somoe. Mimi sikujaaliwa mtoto wa tumbo langu. Nilimchukua, nikamlea, nikamsomesha mpaka kidato cha nne. Aliniita mama mdogo, nami nilimwita mwanangu. Alipovunja ungo nilimcheza unyago mwenyewe, na alipochumbiwa na Rashidi, mwalimu wa shule ya msingi kule Ruangwa, ni mikono yangu hii iliyomwandaa.

Sasa niwaambie habari za mafuta.

Huku kwetu mwali hatoki ndani akiwa mkavu. Siku ya kutolewa anaogeshwa, anapakwa mafuta mwili mzima, anavikwa khanga mpya, ndipo watu wanamwona. Mafuta hayo hutengenezwa na kungwi, na kilichomo ni siri yake. Ni mambo ya unyagoni. Mwanamume haulizi, na mwanamke ambaye si kungwi naye haulizi. Na mwali akishatolewa kwa mafuta ya kungwi wake, kuja kuyakataa baadaye ni kumvunjia heshima. Wengi huendelea kuyatumia hata baada ya kuolewa.

Mafuta yangu yalikuwa ya ufuta wa Lionja, nikachanganya na unga wa liwa, ule mti wa kunukia, na mizizi niliyoonyeshwa na bibi mmoja wa Ruponda aliyenifundisha kazi. Yalikuwa mafuta mazuri, ila harufu yake ilikuwa hafifu. Na kina mama wa siku hizi mnawajua... wanataka mwali akipita shughuli nzima igeuze shingo! Basi nikaanza kununua manukato makali ya kupimiwa dukani, yale ya kwenye kichupa kidogo kisicho hata na karatasi ya jina, nikawa namiminia humo. Sikumwambia mtu. Kwa watu nilisema ni vitu vya asili vitupu, mizizi na maua ya bibi zetu.

Jina likapaa! Kutoka Marambo mpaka Ruangwa waliniita Bi Salima wa mafuta. Msichana akitolewa bila mafuta yangu, mama yake anaulizwa kulikoni. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, sikuwa na shamba la mikorosho la kujivunia. Nilikuwa na hayo mafuta, na nikiingia kwenye shughuli watu walisogea kunipisha. Mnanielewa?

Mama mmoja wa Marambo aliwahi kuja kunirudishia chupa. Alininong'oneza, kwa adabu zote, kwamba binti yake kila akijipaka anawashwa shingo na kutoka vipele. Nilimjia juu! Nilimwambia ngozi ya mwanawe ni chafu, akamwogeshe kwanza. Masikini, aliniomba radhi akaenda zake. Nawaambia hili msije mkadhani sikuonywa.

Ndoa ya Somoe ilianza vizuri. Rashidi ni mtu wa maneno machache, lakini alimpenda mkewe. Hata mama mkwe, Bi Zuhura, alimfanya bintiye. Somoe akajiunga na kikundi cha kina mama wanaobangua korosho, akawa hodari wao. Kila baada ya wiki mbili nilimtumia chupa ya mafuta kwa gari la Ruangwa.

Karibu na mwaka wa pili wa ndoa alianza kuwashwa. Kwanza shingoni na makwapani, kisha mikononi, kisha usoni, kwenye kope. Ngozi ilikuwa nyekundu, ikitoa vipele vya maji, na ikikauka inapasuka. Alinitumia picha kwenye simu... Jamani! Yule binti niliyemtoa aking'aa, macho yamevimba hata hayafunguki vizuri.

Nilipoziona zile picha, moyo wangu ulikwenda kwa yule mama wa Marambo. Moja kwa moja! Nikayafukuza mawazo hayo. Nikampigia Somoe nikamwambia, "Mwanangu, hizo ni korosho. Maganda yake yanaunguza, nani asiyejua?"

Na kweli, nani asiyejua? Huku kwetu kila mtu ameshaona mikono iliyobabuliwa na mafuta ya ganda la korosho. Wote wakakubali. Rashidi alikubali, Bi Zuhura alikubali, hata wenzake wa kikundini walimwambia apumzike. Akaacha kazi aliyoipenda kwa neno langu. Nami nikamshauri ajipake mafuta yangu zaidi, asubuhi na jioni, yatampoza.

Alijipaka, maskini mwanangu, na akazidi kuharibika.

Walihangaika na dawa za kila aina. Akipewa malhamu hospitali anapata nafuu siku chache, akirudi kwenye mafuta yangu yanarudi yote. Watu wakaanza kumkwepa. Kwenye shughuli hakuna aliyetaka kula naye sinia moja. Wapo waliosema ni ule ugonjwa, na kwamba alikuja nao kutoka kwetu. Rashidi hakumkwepa. Hilo lazima niliseme, maana baadaye nitaeleza alivyomwacha, na sitaki mumhukumu kabla yangu.

Siku moja Rashidi akasikia kwamba daktari bingwa wa ngozi anakuja kwa wiki nzima kwenye hospitali moja ya huku kusini, na kwamba ana kipimo cha kutafuta ni kitu gani hasa ngozi ya mtu inakikataa. Yeye alikuwa na mitihani ya kusimamia. Akanipigia simu, sauti ya mtu aliyechoka.

"Shikamoo mama mdogo. Naomba unisaidie kumsindikiza mwenzangu. Wamesema achukue kila kitu anachojipaka. Kila kitu, hata sabuni."

Kila kitu...

Somoe alikuja Nachingwea Jumapili ili tuondoke pamoja kesho yake. Alikuwa na mfuko wenye sabuni ya kuogea, sabuni ya kufulia, poda, malhamu, na chupa ya mafuta yangu ikiwa nusu. Akauweka mezani, akaenda kuoga. Nikabaki na ule mfuko.

Wasomaji, sisemi shetani alinipitia. Nimewasoma wengi wakijitetea hivyo. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, nasikia maji yakimwagika bafuni na mwanangu akiimba. Nilichukua chupa, nikamwaga yaliyomo, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, nikaikausha, nikaijaza ufuta mtupu mpaka nusu, pale pale yalipokuwa yamefika. Nikairudisha mfukoni. Alipotoka alinikuta nakuna nazi.

Nilikuwa namlinda nani? Si yeye! Nilikuwa nalilinda jina la Bi Salima wa mafuta.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, anayeeleza mambo taratibu. Alisema atambandika Somoe vibandiko vidogo vidogo mgongoni, kila kimoja kikiwa na kitu chake: madini ya hereni, mpira, rangi, dawa zinazowekwa kwenye vipodozi visiharibike, manukato. Na vile tulivyokuja navyo vitabaki kwake, navyo atavitengenezea vibandiko vyake. Vyote vinakaa siku mbili. Mgongo usiloweshwe, asifanye kazi ya kutoa jasho, asijikune. Baada ya hapo vinabanduliwa na mgongo unasomwa, halafu unasomwa tena siku mbili mbele, kwa sababu mzio wa namna hii hauna haraka ya kujitokeza.

Akanyanyua chupa yangu, akaifungua, akainusa. Somoe alikuwa amekaa amempa mgongo.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ni ya mama mdogo wangu huyu," Somoe akajibu. "Ni kungwi wangu. Ndiyo niliyotolewa nayo."

"Ndani yake kuna nini?"

"Hilo siwezi kusema, daktari. Ni la kwake mwenyewe."

Daktari akanigeukia mimi. "Mama, kuna manukato yoyote humu?"

Nilimtazama machoni nikasema, "Hakuna, daktari. Ni ufuta mtupu." Na kwa kilichokuwa ndani ya chupa siku ile, nilikuwa nasema kweli! Hivyo ndivyo nilivyojifariji.

Tulikaa wiki ile kwa ndugu wa marehemu mume wangu, jirani na hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nampangusa Somoe kwa kitambaa kibichi, mikono na miguu tu, mgongo nauacha na vibandiko vyake na mistari ya kalamu. Alikuwa akicheka. "Mama mdogo, mbona kama nimerudi ndani tena, mwali mzima!" Alikuwa na furaha, kwa kuwa aliamini safari hii adui yake atajulikana. Kila baada ya swala aliomba dua kipimo kionyeshe ukweli, nami nikiitikia amina. Naam, amina! Kwa kinywa kile kile.

Ijumaa daktari akausoma mgongo mara ya mwisho, akipitisha kidole mstari kwa mstari. Karibu kote kulikuwa safi. Sehemu mbili tu zilikuwa nyekundu, zimeinuka, zina malengelenge madogo.

"Zote mbili hizi ni manukato," akasema. "Ni michanganyiko ya manukato inayotiwa kwenye vipodozi."

Mahali pa mafuta yangu palikuwa safi kabisa.

Daktari alitueleza kwamba ngozi inaweza kukipokea kitu miaka na miaka, halafu siku moja ikakikataa, na ikishakikataa haisahau. Hata kidogo tu kinatosha kuiamsha. Kupona ni kukaa mbali na manukato, yawe ya dukani au ya maua yanayoitwa ya asili. Akampa karatasi yenye orodha ya vitu vya kuepuka. Akamfundisha pia kwamba kitu chochote kipya, kabla ya kukitumia, akipake kidogo kwenye kunjo la kiwiko mara mbili kwa siku, kwa wiki moja au zaidi, aone ngozi inasemaje.

Kisha akaniambia, "Mama, huyu mtoto kuna manukato yanamgusa kila siku. Yanatoka wapi? Msaidie kutafuta."

Nikaitikia, "Sawa, daktari."

Tukiwa stendi tunasubiri gari, Somoe alinishika mkono, machozi yanamlenga. "Mama mdogo, namshukuru Mungu mafuta yako hayana neno. Ningeanzaje kukuambia siyataki?"

Pale ndipo ningesema! Tulikuwa wawili tu kwenye benchi, hakuna mjomba wala mkwe wala mteja. Neno moja lingetosha. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Si nilikuambia mimi?"

Rashidi aliipokea ile karatasi kama mwalimu anavyopokea mtaala mpya. Akaibandika ukutani. Sabuni zote zenye harufu zikaondoka, poda ikaondoka, sabuni ya unga ya kufulia ikabadilishwa. Bi Zuhura, mama mkwe, aliacha kufukiza udi nyumbani kwake, yeye ambaye tangu ujana wake hakukosa udi siku ya Ijumaa. Aliacha kwa ajili ya mke wa mwanawe. Na katika nyumba ile yote, kitu pekee cha kujipaka kilichoruhusiwa kikawa mafuta yangu... maana yalipimwa!

Mtaniuliza, kwa nini basi sikumtumia ufuta mtupu? Nililiwaza hilo. Lakini angenusa tofauti, angeuliza. Nikajiambia nitapunguza manukato kidogo kidogo mpaka yaishe, hatajua, atapona, na hakuna atakayeumia. Nikawa natia matone machache. Kumbe daktari alishasema kidogo tu kinatosha. Nilisikia kwa masikio yangu, nikaamua kutosikia.

Na wakati huo huo, aibu yangu hii, nilikuwa nawaambia wateja kwamba mafuta yangu yamepimwa na daktari bingwa na hayana tatizo. Wakanunua zaidi.

Wiki zikapita, miezi ikapita. Somoe hakupona. Alikuwa akijipaka zaidi kila ngozi ilipomkaza, na kila alipojipaka ilizidi. Sasa Rashidi akaanza kuwaza. Daktari amesema akiacha manukato atapona. Hajapona. Basi hajaacha. Na kila akimkaribia mkewe, anasikia harufu nzuri kwa mbali. Kama anajipaka manukato huku yanamla ngozi, anajipaka kwa ajili ya nani?

Mawazo hayo yakikaa ndani ya mtu asiyependa kusema, mnajua yanavyoota.

Tukaitwa kikao Ruangwa. Alikuwepo Rashidi, mama yake, baba yake mkubwa, na upande wetu mimi na kaka yangu, Mzee Bakari, ambaye ndiye mjomba wa Somoe. Kwetu neno la mwisho kuhusu binti ni la mjomba. Somoe alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, amejifunika ushungi mpaka puani kuficha uso.

Rashidi alieleza yote. Alisema ameondoa kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi. Alisema mama yake ameacha udi. Alisema yeye si mjinga, pua anayo.

Mzee Bakari akamwuliza Somoe, "Haya mwanangu, unasikia? Unajipaka kitu gani?"

Somoe akasema, "Mjomba, naapa sina kingine. Ni mafuta ya mama mdogo tu, basi." Kisha akanigeukia. "Mama mdogo, waambie. Labda ile mizizi ina harufu. Waambie kilichomo."

Macho yote yakaja kwangu...

Nilimwona mwanangu akinitazama kwa macho yale yaliyovimba, akisubiri nimwokoe. Na nilijua kwamba nikisema kweli, kabla jua halijazama habari itakuwa imefika Nachingwea. Nikanyoosha shingo, nikasema kwa sauti ya ukungwi wangu, "Mafuta yamepimwa na daktari, majibu mnayo. Kilichomo ni mambo ya unyagoni. Tangu lini wanaume wakauliza mambo ya unyagoni?"

Kaka yangu aliinamisha kichwa palepale. "Basi, basi. Hapo mmefika kwenye ya kina mama, sisi hatuvuki." Na baba mkubwa wa Rashidi naye akatikisa kichwa kukubali. Hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angevuka mpaka ule. Nilijua, ndiyo maana niliutumia.

Siri ile tuliachiwa na bibi zetu ili kulinda wasichana. Mimi niliitumia kumzika msichana wangu!

Somoe aliuvuta ushungi ukafunika mpaka macho. Siku nne baadaye Rashidi alimpa talaka moja, akamrudisha Nachingwea, kwangu.

Nyumbani nilimwambia ufuta umeniishia mpaka msimu. Akawa anajipaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Haukupita mwezi, wasomaji, ngozi ikaanza kutulia. Kope zikashuka, shingo ikakauka vizuri, mikono ikawa laini. Majirani walishangilia, wakasema maji ya Ruangwa hayakumpenda. Habari zilipomfikia Rashidi, alimwambia kaka yangu, "Mnaona? Ameacha manukato yake sasa, amepona." Hata kupona kwake kukawa ushahidi wa kumkandamiza.

Alikuwa kwenye eda. Mnajua sheria ilivyo: talaka ni moja, na ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila ndoa mpya. Neno langu lingeleta neno lake. Kila asubuhi nilisema leo nitampigia Rashidi. Nikishika simu, naiweka. Mwezi wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Kila gari la Ruangwa lilipopiga honi, Somoe alikuwa akichungulia barabarani. Mwezi wa tatu ukaisha, eda ikatoka, nami nimenyamaza.

Lakini Somoe si mjinga, nilimlea mwenyewe. Aliona nikiitwa kumtoa mwali mtaa wa pili, na kwamba nimekwenda na chupa zangu zimejaa. Si nilisema ufuta umeisha? Akaanza kuvaa mikono mirefu ndani ya nyumba, joto lote hili la Nachingwea. Nikadhani ni huzuni.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai na mihogo. Akaweka kikombe chini, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yangu juu ya meza. Pale kwenye kunjo palikuwa pekundu, pamevimba, pana vipele vya maji. Duara dogo tu. Pengine pote mkono ulikuwa mzima.

"Siku ya sita leo," akasema. "Nimepaka tone moja asubuhi na moja jioni. Mkono wa pili nimepaka ufuta niliokamua mwenyewe." Akaukunjua na huo. Ulikuwa safi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Akaniuliza, "Mama mdogo, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Hospitali je? Mbona mgongoni hayakuonyesha?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya chupa, maji ya moto, sabuni, yote. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Ni ile Jumapili nilipokuwa naoga?"

"Ndiyo."

Nilitamani anipige, anitukane, apige kelele majirani waje. Hakufanya hivyo. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akakifunika mahali pake. Kisha akaingia chumbani kufunga nguo zake. Nililala kifudifudi pale mlangoni nikamwomba asiondoke. Aliniruka, kwa adabu, akipandisha gauni lisiniguse.

Wiki ile ile nilimfuata kaka yangu, tukaenda Ruangwa. Nilisema yote mbele ya watu wale wale wa kikao. Nilitaja mizizi, nilitaja liwa, nilitaja manukato ya kichupa, mbele ya wanaume! Kaka yangu aliziba uso kwa kanzu. Rashidi aliinuka akaenda nje, tukamsikia akilia kule uani. Bi Zuhura akasema, "Salima, mimi mtu baki niliacha udi wangu kwa ajili ya mtoto yule. Wewe uliyemlea ulishindwa kuacha nini?"

Rashidi alimtuma kaka yangu na mahari mpya, ndoa ifungwe upya. Somoe alikuwa amepanga chumba Ruangwa, amerudi kwenye kikundi chake cha korosho. Alimpokea mjomba wake vizuri, akampikia, akamsikiliza. Kisha akasema, "Mjomba, miezi yote ile nilimwambia Rashidi sina manukato. Hakuniamini. Mama mdogo amesema siku moja tu, ameaminiwa. Nitaishije na mtu ambaye ukweli wangu mpaka usemwe na mwingine?" Na hapo ndipo mambo yalipoishia.

Mafuta nimeacha. Nilikwenda Marambo kumtafuta yule mama, nikamwomba radhi mbele ya binti yake. Nilipita kwa kila niliyeweza kumkumbuka, nikawaambia kilichomo. Wengine walinisamehe, wengine walinifungia mlango. Kwenye shughuli sasa sisogelewi, na hakuna anayenipisha. Hilo si kitu. Nilidhani nikipoteza jina nitakufa, na bado napumua. Nilichopoteza kikweli kipo Ruangwa, kina mikono yenye harufu ya korosho za kukaanga, na hakipokei simu yangu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Wewe unayetengeneza mafuta, singo za kusugulia ngozi, sabuni za mkono, sema kilichomo! Mtu akikuambia kinamwasha, usimtukane, mwamini. Usimdanganye mtu kwamba kitu ni cha asili ndiyo hakidhuru. Ukimpeleka mgonjwa wako kwa daktari na ukaambiwa beba kila kitu, beba kila kitu. Na wewe unayejua jambo linalomwumiza mwenzako na unasubiri siku nzuri ya kulisema... hiyo siku haipo! Sema leo, hata kama utaaibika, aibu inapita.

Kabla ya kuandika haya nilimtumia Somoe ujumbe kumwomba ruhusa, maana mkasa ni wake zaidi kuliko wangu. Alikaa siku tatu bila kunijibu. Siku ya nne ujumbe ukaingia, mfupi, bila salamu wala mama mdogo: "Andika, watu wajue. Ila usiandike kwamba nimekusamehe."

Sijaandika.